Mwalimu Arudipo Kuwa Mwanagenzi: Mafunzo Yatokanayo na Somo la Kutengeneza Tovuti

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajua zamani mno, hata amesahau jinsi alivyoyajua. Ni nani kati yetu akumbukaye siku alipotambua kwamba herufi b na herufi a zikiwekwa pamoja hutoa sauti ba? Usahaulifu huu una hatari yake. Asiyekumbuka ugumu wa jambo huliona jepesi, na aliyeliona jepesi huwa mwepesi pia wa kumwita mzito yule anayeshindwa nalo. Hivyo ndivyo mtoto wa Darasa la Pili anavyoweza kusimamishwa ubaoni, akakosea, akachekwa, na tangu siku hiyo akaamua moyoni mwake kwamba hesabu si fungu lake.

Makala haya yanachunguza jinsi mwanachuo anavyojifunza kutengeneza tovuti katika somo la Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA. Madhumuni yake si kumfundisha msomaji ufundi wote huo, ingawa baadhi ya misingi yake itaelezwa. Madhumuni ni kuonyesha kwamba mtu mzima anapojifunza kazi hii hupitia, kwa majuma machache, njia ile ile anayoipitia mtoto ajifunzaye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu mwanafunzi akiiangalia njia hiyo kwa makini angali ndani yake, atajifunza mambo ambayo vitabu vya saikolojia ya elimu huyaeleza, lakini ambayo ni vigumu kuyaamini mpaka yamkute mtu mwenyewe.

1. Somo lenyewe kwa ufupi

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazosomwa kwa kompyuta au simu kwa njia ya programu iitwayo kivinjari. Mfumo wa kurasa hizo ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva. Mwaka 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia mfumo huo bila malipo. Na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoufanya uenee upesi duniani.

Ukurasa huandikwa kwa lugha ya alama iitwayo HTML. Kila sehemu ya maandishi huwekwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, ili kivinjari kijue kama sehemu hiyo ni kichwa, aya, orodha au kiungo. Tazama mfano huu:

<h1>Shule Yetu</h1>
<p>Shule yetu ina madarasa saba.</p>

Mstari wa kwanza unasema kwamba maneno “Shule Yetu” ni kichwa cha ukurasa. Mstari wa pili unasema kwamba maneno yanayofuata ni aya. Lebo ya kufunga hutofautiana na ya kufungua kwa mkwaju mmoja tu. Rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio huelezwa kwa lugha ya pili, CSS, ambayo wazo lake lilitolewa na Håkon Wium Lie wa Norway mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa mwaka 1996. Kwa hiyo lugha moja hueleza umbo la maandishi na nyingine hueleza sura yake. Tofauti hiyo tutairudia, maana ina somo kubwa kwa mwalimu.

2. Alama ngeni na hatari ya kunakili

Mwanachuo anapoona kwa mara ya kwanza mistari kama ile ya hapo juu, macho yake huona vurugu. Hajui kilicho muhimu na kisicho muhimu. Je, nafasi kati ya maneno ina maana? Je, mkwaju ule ni lazima au ni pambo? Mtaalamu huona mstari mmoja wenye maana moja, lakini mwanagenzi huona alama zaidi ya kumi, kila moja ikidai kukumbukwa. Hivi ndivyo hasa mtoto anavyoliona neno “kitabu” kabla hajazizoea silabi. Sisi huona kitu kimoja. Yeye huona vitu sita.

Katika hali hiyo njia rahisi ya kuokoka ni kunakili. Katika darasa moja alilosomea mwandishi, mkufunzi aliandika ukurasa mzima ubaoni, nao wanachuo wakatumia saa mbili kuuhamisha katika kompyuta, herufi kwa herufi. Mwisho wa kipindi kila skrini ilionyesha ukurasa mzuri, na mkaguzi yeyote ambaye angepita angelisifu darasa hilo. Lakini juma lililofuata, walipotakiwa kuongeza aya moja tu mahali walipotaka wenyewe, wengi hawakujua waanzie wapi. Mikono ilikuwa imefanya kazi, akili haikualikwa.

Isidhaniwe kwamba mfano wenyewe ndio uliokuwa na kasoro. Mwanagenzi anahitaji mifano iliyokamilika. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, waliokuwa wakichunguza ufundishaji wa aljebra huko Australia, walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma mifano iliyokwisha kukokotolewa waliyatatua maswali ya namna ile ile kwa haraka zaidi, na kwa makosa machache zaidi, kuliko wale walioachwa wakokotoe kila swali peke yao. Kasoro ni kumpa mwanafunzi mfano bila kumpa kazi ya kuufikiria. Dawa yake ni nyepesi na haihitaji fedha. Baada ya kutoa mfano, mwalimu abadilishe jambo moja tu, kisha kabla matokeo hayajaonekana awaulize wanafunzi: “Mnadhani kutatokea nini?” Kila mmoja aandike jibu lake. Ndipo ukurasa ufunguliwe. Aliyekisia sawasawa amethibitisha ufahamu wake. Aliyekisia visivyo amepata swali lake mwenyewe, na swali la mtu mwenyewe hukumbukwa kuliko majibu kumi ya mwalimu.

Njia hii hufaa pia katika Kiswahili na Hisabati. Ukiisha kuandika ubaoni sentensi “Mtoto anacheza”, badilisha neno la kwanza liwe “Watoto”, nyamaza, na uwaulize wanafunzi ni kitu gani kingine lazima kibadilike. Hapo ndipo sarufi inapoacha kuwa orodha ya kukaririwa.

3. Kosa na chanzo chake

Hakuna kinachomfundisha mwanachuo unyenyekevu kama kosa dogo katika ukurasa wa tovuti. Tuseme amesahau kuifunga lebo ya kichwa. Kivinjari hakimwambii lolote. Kinaendelea kuchora ukurasa, lakini aya zote zilizo chini ya kichwa hicho zinatokea kwa herufi kubwa na nene kama vichwa. Mwanachuo hutazama mahali anapouona ubaya, yaani kwenye aya. Hufuta aya na kuiandika upya. Hali ni ile ile. Huifuta tena. Baada ya dakika ishirini husema, kwa sauti au moyoni, “Mimi na kompyuta hatupatani.” Na kumbe aya zake zote hazina dosari, kilichokosekana ni lebo moja katika mstari wa kwanza.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, mahali kosa linapoonekana si lazima pawe mahali lilipozaliwa. Pili, kosa lilitokana na sababu, wala si na upungufu wa akili.

Sasa mtazame mtoto aliyepewa hesabu hizi tatu za kutoa, naye akajibu hivi: 52 − 38 = 26; 71 − 46 = 35; 60 − 27 = 47. Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa mara tatu na kuandika “Ongeza bidii”. Lakini ukichunguza utaona kwamba mtoto huyu ana bidii ya kutosha, tena ana kanuni: katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ukimpa 85 − 23 atapata 62, jibu lililo sahihi, na kwa ajili hiyo ataendelea kuiamini kanuni yake. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walieleza kwa urefu kwamba makosa ya watoto katika hesabu za namna hii mara nyingi si ya kubahatisha, bali hufuata utaratibu wenye hitilafu fulani. Walizifananisha hitilafu hizo na zile za programu za kompyuta. Mtoto kama huyu hahitaji mazoezi ishirini zaidi, maana mazoezi hayo yatamkomaza katika njia isiyo sahihi. Anahitaji mtu wa kumrudisha kwenye vifungu vya kumi na vijiti vya moja, akaona kwa macho yake kwamba katika vijiti viwili haviwezi kutolewa vinane mpaka kifungu kimoja kifunguliwe.

Je, mkufunzi afanye nini anapomwona mwanachuo amekwama? Njia ya kwanza, inayovutia kwa wepesi wake, ni kuishika kibodi na kusahihisha. Ukurasa utapona, lakini mwanafunzi atabaki vile vile. Njia ya pili ni kuuliza maswali yanayouelekeza uchunguzi: Ulitegemea kuona nini? Unaona nini? Ni wapi ukurasa ulipoanza kwenda usivyotaka? Ni jambo gani la mwisho ulilolibadilisha? Maswali haya manne yaweza kubandikwa ukutani katika darasa lolote, liwe la TEHAMA au la Hisabati.

Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewafundisha watoto kuiongoza kompyuta kwa lugha ya Logo, alieleza katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980 kwamba katika kazi hii swali la maana si kama umepata au umekosa, bali kama ulichokifanya chaweza kurekebishwa. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Tofauti ni kwamba methali hiyo tunaisema kwenye mikutano, na huku tukiwa na kalamu nyekundu mkononi tunaisahau.

4. Umbo kwanza, mapambo baadaye

Takriban kila mwanachuo anayeanza somo hili hutaka rangi. Anataka maandishi yanayong’aa na picha kila pembe. Mkufunzi mwenye busara humzuia kwa juma moja au mawili, akimtaka kwanza aandike ukurasa usio na pambo lolote: kichwa, vichwa vidogo, aya, orodha na viungo. Ukurasa huo ukisomeka na kueleweka ukiwa hivyo, ndipo mapambo yaongezwe. Usipoeleweka, rangi haitauokoa.

Mwalimu mwanafunzi anapotayarisha somo la mazoezi ya kufundisha hukumbwa na kishawishi hicho hicho. Hutumia usiku kucha kuchora chati ya manila yenye rangi nne, na asubuhi hujikuta hajui swali la kwanza atakalowauliza watoto. Zana za kufundishia ni muhimu, wala makala haya hayazidharau. Lakini zana huvikwa somo lililokwisha kuwa na kiwiliwili. Andika kwanza, kwa sentensi moja, ni jambo gani mtoto ataweza kulifanya mwishoni mwa kipindi ambalo hakuliweza mwanzoni. Kisha panga hatua. Mwisho uliza ni zana gani itakayoirahisisha kila hatua.

5. Wanafunzi wengi, vifaa vichache

Yafaa tuseme wazi kwamba vyuo na shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na umeme hukatika. Hali hiyo ni kikwazo, lakini haizuii kila kitu. Sehemu kubwa ya kutengeneza tovuti hufanywa kwa kalamu na karatasi: kuamua ukurasa ni wa nani, kuchora visanduku vya kichwa na aya, kupanga viungo. Mwanachuo aliyekwisha kuuchora ukurasa wake karatasini huhitaji muda mfupi mbele ya kompyuta kuliko yule anayekwenda kufikiria huko huko.

Wanafunzi wakiwa wawili kwa kompyuta moja, inafaa mmoja aandike na mwenzake asome na kuelekeza, kisha wabadilishane kila baada ya dakika kumi. Bila sharti la kubadilishana, yule ajuaye zaidi ataishika kibodi tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenzake atakuwa mtazamaji. Jambo hili hutokea pia katika vikundi vya shule ya msingi. Kikundi cha watoto sita chenye kitabu kimoja huwa na msomaji mmoja na wasikilizaji watano, wakati mwingine wawili kati yao wakiliona kitabu juu chini. Mwalimu asipogawa kazi, watoto watajigawia wenyewe, na wanyonge watagawiwa kimya.

6. Kazi itakayoonwa na wengine

Daftari la mazoezi husomwa na mwalimu peke yake. Ukurasa wa tovuti hutengenezwa ili usomwe na watu wasiojulikana, wenye macho na vifaa tofauti. Kwa sababu hiyo mwanachuo hulazimika kujiuliza swali ambalo halizoei: je, huyu asiye kama mimi ataelewa?

Mfano mmoja ni rangi. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2008 na shirika la W3C, linaloratibu lugha za tovuti, unapendekeza kwamba tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi ya njano iliyokolea juu ya nyeupe hayafiki hata 2 kwa 1, wala buluu iliyokolea juu ya nyeusi haifiki 3 kwa 1. Anayeyaandika huyaona, kwa kuwa anajua alichokiandika. Mwenye uoni hafifu hayaoni. Mfano wa pili ni picha. Mwongozo huo unataka kila picha yenye maana iambatane na maneno yanayoieleza, ili asiyeona asomewe maelezo hayo na kompyuta yake.

Mwalimu wa shule ya msingi anao ubao wake, nao ni ukurasa usomwao na watoto sitini kwa mara moja. Kabla ya kuanza somo aende hadi dawati la nyuma kabisa, akae chini kimo cha mtoto, asome alichokiandika. Achunguze kama chaki ya rangi inaonekana na kama mwanga wa dirisha haufuti upande mmoja wa ubao. Kadhalika, anaposema “tazameni hapa”, ataje kwa maneno kile kilichopo hapo, maana huenda yupo ambaye hapaoni wala hajathubutu kusema.

Mfano wa tatu wahusu majina ya mafaili. Mwanachuo huweza kuihifadhi picha kwa jina “Shule.jpg”, kisha katika ukurasa akaandika “shule.jpg”. Katika kompyuta yake picha huonekana, kwa kuwa mifumo mingi ya kompyuta za mezani haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina. Ukurasa ukihamishiwa kwenye seva inayotofautisha, picha hutoweka. Ni kama yule mtoto na 85 − 23: kufaulu mahali pamoja si ushahidi kwamba jambo limeeleweka. Kwa hiyo zoezi la kupima ufahamu lisiwe nakala ya mfano uliofundishwa. Liwe na badiliko linaloweza kuifichua kanuni iliyo mbovu.

7. Mfano wa somo bila kompyuta

Somo hili ni la Darasa la Tano, dakika 40. Lengo ni mwanafunzi aweze kueleza kazi ya lebo ya kufungua na ya kufunga, na kutabiri matokeo iwapo moja ikikosekana. Zana ni kadi za manila: nne zenye lebo za kichwa na aya, za kufungua na za kufunga, na mbili zenye maandishi.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Mwalimu asome tangazo la shule, watoto wataje kichwa chake na aya yake.
Hatua ya pili (dakika 10): Aonyeshe kadi, na watoto sita wasimame mbele kwa mpangilio ulio sahihi, kila mmoja na kadi yake.
Hatua ya tatu (dakika 15): Mwalimu aiondoe kadi ya kufunga kichwa. Kila mwanafunzi aandike anachodhani kitatokea, kisha wajadiliane wawili wawili.
Hatua ya nne (dakika 7): Vikundi vipange tangazo jipya kwenye daftari, vikiacha kosa moja makusudi. Vibadilishane na kutafutana makosa.
Hatua ya tano (dakika 3): Wanafunzi wawili waeleze waligunduaje kosa, si kosa lilikuwa nini tu.

Itazame hatua ya nne. Mtoto anayeagizwa kutengeneza kosa hawezi kuaibishwa nalo. Analimiliki, analificha, na anafurahi mwenzake anapolifichua. Huo ni mwanzo mwema wa kuyazoea makosa kama vitu vya kuchunguzwa.

Hitimisho

Si kila mwalimu mwanafunzi atakayekuwa mtengenezaji wa tovuti, wala si lazima awe. Lakini kila mmoja atasimama mbele ya watoto ambao kwao herufi za kawaida ni ngeni kama zilivyo ngeni kwake zile lebo za HTML. Kwa hiyo, unapojifunza jambo jipya, weka daftari dogo kando. Andika mahali ulipokwama, ulichokidhania, na swali lililokukwamua. Daftari hilo litakapojaa, utakuwa umejiandikia kitabu cha mbinu za kufundishia kisichouzwa popote, nacho kitamfaa mtoto ambaye bado hujaonana naye.

Maswali ya kujadili

1. Mtoto ameandika 403 − 128 = 325. Eleza kanuni anayoifuata, kisha tunga hesabu moja ambayo kanuni hiyo itampa jibu sahihi na moja itakayoifichua.
2. Chagua mfano mmoja kutoka katika kitabu cha kiada. Onyesha badiliko moja utakalolifanya ili wanafunzi watabiri matokeo badala ya kunakili.
3. Je, yapo makosa ambayo mwalimu hana budi kuyasahihisha papo hapo badala ya kuuliza maswali? Toa sababu na mifano.